Pombe ya Kwanza ya Melki

Jumatatu, 3 Juni
Uji nusu kikombe. Miguu imevimba tena. Baridi ya Dowa, hapa Malawi, haiwahurumii wazee. Daktari wa Lilongwe alisema moyo umechoka. Hakutaja siku, nami sikuuliza.

Melki alipita na kabaza, baiskeli yake ya abiria. Akaniachia kuni. Kila akinitendea wema natamani anitukane. Ameomba kazi ya udereva katika shirika moja. Wanataka barua ya polisi kwamba hajawahi kuhukumiwa. Hataipata. Sababu ni mimi.

Jumatano, 5 Juni
Niandike sasa, mkono ungali unatii.

Miaka sita iliyopita tulipeleka mahari Kauma, Lilongwe, kwa ajili ya kijana wa kanisa letu hapa kambini Dzaleka. Msemaji wa upande wa bwana harusi nilikuwa mimi. Kwetu Burundi msemaji haachi mrija: kila neno jema husindikizwa na impeke, pombe ya mtama. Nilisema maneno mengi mema. Wakati wa kurudi nikamnyang'anya Melki funguo za pikapu ya kanisa. Dereva alikuwa yeye, mlokole, hajawahi kuonja pombe. Nikamwambia mzee haendeshwi na mtoto. Ujinga.

Tukiwa karibu kufika nilimgonga mtu wa baiskeli. Hakufa. Mpaka leo anachechemea.

Melki alinivuta kwenye kiti cha abiria. "Mwalimu, wewe njo mudomo yetu. Bakikufunga, nani atatusemea?" Akachukua kidumu cha impeke tulichopewa cha njiani. Akanywa huku analia. Akatapika. Akanywa tena. Polisi walipofika, alinuka kuliko mimi.

Alhamisi, 6 Juni
Jana nilishindwa kuandika lililo baya zaidi.

Mkalimani mahakamani nilikuwa mimi. Nani mwingine? Kila mkimbizi aliyefikishwa mbele ya hakimu alisimama na mimi. Melki akaulizwa kama anakubali kosa. "Nakubali." Nikatafsiri, kwa sauti safi ya darasani. Hakimu akasoma: miezi minane jela, leseni kufutwa miaka mitatu. Hayo nayo nilimtafsiria, nikimtazama usoni. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa.

Alipotoka jela, baraza la wazee wa kanisa likampeleka benchi la nyuma. Asiimbe, asishiriki meza ya Bwana. Nilikuwa katika baraza. Niliinua mkono.

Mwoga. Sina neno lingine.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda kwa Melki kumwambia nitakiri mahakamani. Alikasirika. "Ufe ndani kama mwizi? Kifungo yangu nilishamaliza, Mwalimu. Acha."

Mkewe, Konsolata, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuwa anajua. Alimkazia macho mumewe, si mimi.

"Miaka yote hii nakunusaka mudomo kila jioni!"

"Na ulikuta nini? Harufu ya maharage."

Alimrushia konzi ya maharage. Kisha akaketi chini, akalia. Mimi nilibaki nimesimama na fimbo yangu. Hakuna aliyenipa kiti, na ilikuwa haki.

Jumanne, 11 Juni
Lilongwe, mahakamani. Konsolata alinishika mkono kwenye ngazi zote.

Niliapa, nikasimulia, karani akaandika. Leo sikumtafsiria mtu. Afisa alinieleza taratibu: jalada litakwenda mahakama ya juu, hukumu ya Melki ichunguzwe. Mimi naweza kushtakiwa kwa kuendesha nikiwa mlevi na kwa kuidanganya mahakama. Faini, au jela, au vyote viwili. Akaniomba leseni. Ilikwisha muda zamani, lakini nilikuwa bado naitunza ndani ya Biblia. Nikampa.

Nitaitwa. Huenda moyo ukaitwa kwanza.

Melki ana nakala ya kiapo changu yenye muhuri. Haijamsafisha bado. Shirika limesema litasubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Jumapili, 16 Juni
Jua kidogo. Jana nililiambia baraza. Leo Melki ameitwa mbele kuimba. Benchi la nyuma nililiomba mwenyewe.

Nilikuwa siwezi kutembea, akanipeleka kanisani kwa kabaza. Kwenye kila shimo: "Shikilia, mzee."

Aliendesha polepole. Mimi nilikaa nyuma.