Baba Anasema ni Tapeti

Jumamosi, 4 Mei

Leo tumefunua turubai ya gari la Baba. Kwanza ilibidi kumbembeleza Mama ahamishe vitunguu. Tangu Baba apatwe na kiharusi, miaka minne sasa, gari limekuwa ghala lake – vitunguu kiti cha nyuma, masufuria makubwa kwenye buti, nguo zinaanikwa juu ya boneti. Amehamisha huku ananung'unika kwamba vikioza tusimuulize. Gari zima linanuka vitunguu na panya. Kichujio cha hewa kimejaa kiota, manyoya na vipande vya sponji ya kiti.

Baba kakaa kwenye kiti chake kando ya ukuta. Mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto unaelekeza. Mikono yake ni mimi.

Haya yote kayaanzisha Mapengo. Alijifunza ufundi kwa Baba, na sasa ndiye anayeisimamia gereji ya Baba. Alikuja kumjulia hali, akamwambia: Mzee, siku hilo gari lako ukiliwasha mwenyewe, nafasi yako ipo palepale. Nadhani alisema kwa adabu tu, kama watu wasemavyo kwa mgonjwa. Lakini Baba kalishika lile neno kwa meno. Hana habari nyingine.

Sijamwona na uso ule siku nyingi. Naogopa hata kufurahi.

Jumapili, 5 Mei

Betri tumeazima. Nikapiga starta – tak! Basi. Nikataka kujaribu tena, Baba akanizuia. Pistoni zimeshikwa na kutu, ukilazimisha unavunja. Toa plagi zote, mimina oili kidogo kila tundu, acha ilowe. Injini si mlango, anasema, haifunguliwi kwa teke.

Akili yake ilikuwa kali leo. Kama zamani, aliponifumba macho gereji na kuniuliza: hiyo inaumwa wapi? Kaka zangu walikimbilia mpira. Mimi nilibaki, nikajua sauti ya mkanda uliolegea kabla sijajua kusoma saa. Alikuwa akiwatambia wateja: huyu binti ana masikio yangu.

Jumatano, 8 Mei

Imezunguka! Nimetia spana kwenye puli ya mbele ya injini, nikavuta, nikavuta, mara ikaachia kidogo, kisha kidogo tena. Baba kapiga paja kwa mkono mmoja.

Petroli nayo imeoza. Nimeijua kwa pua kabla ya macho – ninafanya kazi duka la rangi, najua kitu kilichokufa ndani ya kopo. Tumeimwaga yote. Kabureta nimeisafishia juu ya meza ya chakula, Mama hakunisemesha hadi jioni.

Kitu kimoja. Baba alikuwa anaonyesha kitundu cha kupitishia petroli: “Hicho... toa hicho...” Jina halikuja. Nikasema jeti. Tukacheka wote. Baadaye akaniuliza kama petroli ya zamani nimeshaitoa. Nikamjibu. Akauliza tena. Nikamjibu. Wakati wa kuingia ndani akauliza tena.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetoka kazini nimemkuta Baba uwanjani, jasho linamtoka, shati limepakaa weusi hadi kwenye kola. Kamwaga oili ya zamani peke yake! Kwa mkono wa kushoto! Kakingia beseni la Mama la kufulia (hilo ni kesi nyingine). Akaniambia: “Na mpya nimeshaweka. Kesho ni kuwasha tu.”

Mkono wangu ulienda kwenye kijiti cha kupimia oili. Naukumbuka vizuri ulivyoenda. Kisha nikaurudisha. Fundi mzima, kaweka oili kwenye magari ya nusu ya mji huu, na amesimama mbele yangu anatabasamu – mimi nimkague? Mtoto hamkagui baba yake.

Jumamosi, 11 Mei

Limewaka! Moshi, vumbi, kipande cha kiota cha panya kimeruka nje ya ekzosi kama risasi. Jirani kachungulia ukutani kujua kama nyumba inaungua. Mama katoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, akajifuta macho akisingizia moshi.

Taa nyekundu ya oili haikuzimika. Nikamwambia Baba. Akasema swichi yake imekufa kwa kukaa. Nikaamini – si kila kitu humo kimekufa kwa kukaa? Tukaliacha lingurume hadi moshi upungue. Hapo ndipo nilipoisikia. Ko-ko-ko-ko.

Nikamtazama Baba. Anatabasamu. Nikamuuliza, unaisikia hiyo? Akasema ni tapeti. Ni vile vidude vya juu vya kugonga vali, vikikaukiwa hupiga kelele, oili ikipanda vitanyamaza.

Tapeti nazijua. Tapeti ni tiki-tiki, nyepesi, kama cherehani. Hii ni nzito na inatoka chini.

Jumapili, 12 Mei

Nilifuata ufagio nyuma ya mlango wa stoo. Galoni ya oili iko pale. Mpya. Kifuniko hakijavunjwa.

Nikakaa chini kwenye sakafu. Kisha nikaenda kwenye gari nikachomoa kijiti. Kikavu. Tumeiwasha injini bila tone la oili, nami nimesimama pale nashangilia.

Nimeimimina Baba akiwa anaoga. Galoni tupu nimeifunga kwenye mfuko mweusi nikaitupa mbali na nyumbani, kama mwizi.

Nimemweleza Mama. Aliendelea kukunja nguo. Akasema wiki hii Baba kafunga vifungo vya shati mwenyewe, na usiku halii. Nikamwambia, Mama, akirudi gereji watu watamletea breki zao. Watu na watoto wao. Akakunja shuka moja pole pole, akasema: “Wewe jioni unarudi unakuta chai. Ninayekaa naye mchana kutwa ni mimi. Usimwambie.”

Nimemkasirikia sana. Halafu nikaona anakunja shuka lile lile mara ya pili.

Jumanne, 14 Mei

Nilijipa moyo kwamba labda kweli ni tapeti. Oili sasa ipo, huenda ikatulia. Baba alipoenda kwa kinyozi na Mama, nikawasha. Taa ya oili ikazimika yenyewe. Swichi haina kasoro yoyote!

Ila kelele iko palepale.

Nikafanya kile alichonifundisha: unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma, unasikiliza ni silinda ipi ikizimwa kelele inakoma. Nilishika kwa kitambaa kikavu. Wa kwanza, inagonga. Wa pili, inagonga. Wa tatu – kimya. Nikaurudisha, ikagonga. Nikauchomoa, kimya.

Bigendi ya silinda ya tatu. Ile beringi ya chini inayoshika mkono wa pistoni, imelika kwa kukosa oili. Injini imenoki. Hapo hakuna cha kusubiri oili ipande, ni kuifungua yote, na kila dakika inayonguruma inazidi kujimaliza.

Kwa nini alinifundisha haya? Nimekaa kwenye lile gari nikalia kama mtoto, pua imejaa vitunguu.

Jioni Baba kaniambia Mapengo atakuja Jumamosi. Nikasema si tusubiri kidogo, Baba. Akauliza tusubiri nini. Nikasema gari halijaoshwa. Akacheka.

Alhamisi, 16 Mei

Baba katoa ovaroli yake ya kazi sandukuni. Mama kaipiga pasi. Ovaroli – pasi! Inampwaya mabegani. Kajitazama kwenye kioo muda mrefu.

Nilishika simu nimpigie Mapengo. Ningemwambiaje? Baba yangu hafai? Nimeirudisha mfukoni.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika haraka. Nimesingizia chai.

Mapengo hakuja mikono mitupu, kaleta biskuti na soda za Baba na Mama. Kabla ya kuwasha akampa Baba habari za gereji kama mtu anayeripoti kwa mkubwa wake. Jumatatu kuna basi la shule linaingia, breki zote. Mafundi ni wachache. Akasema, Fundi, ungekuwepo ningelala usingizi. Baba alikohoa ili asionyeshe furaha.

Kisha akaingia kwenye gari. Kazungusha ufunguo kwa mkono wa kushoto, likaitika mara ya kwanza. Mapengo alikuwa anacheka. Kicheko kikasimama katikati, na yale mapengo ya meno yake bado yako nje. Nilimwona anasikia.

Akanitazama. Nikatazama chini.

Akauliza kwa upole: “Unaionaje, Fundi?”

Baba akasema ni tapeti tu, za kukaa. Mapengo akavua kofia, akaikunja, akaivaa. Aliyemfundisha kushika spana ni Baba. Aliyemwozesha mke ni Baba. Hawezi. Nimeona kabisa kwamba hawezi kumpinga.

Baba akazima, akacheka. “Unasitasita nini? Muulize binti yangu. Masikio yale nimeyafundisha mimi. Akisema ni tapeti, ni tapeti.”

Mapengo akashukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Basi dada aseme. Atakalosema, Jumatatu nitalifuata hilo hilo.”

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema ngojeni nilete chai.

Chai imechemka zamani. Mama yuko hapa jikoni, kashika trei ya vikombe. Hanitazami. Nimejaribu kwa sauti ya chini: Baba, ni tapeti. Inatoka vizuri, neno jepesi. Nikajaribu lile lingine: Baba, hukuweka oili. Hilo linakwama kabla ya nusu. Najiuliza nikisema kwamba mimi ndiye niliyesahau kuweka? Ataamini. Atanisamehe papo hapo. Na Jumatatu atalala chini ya basi la shule, akifunga breki.

Ananiita. Mara ya pili hii. Sauti yake ya gereji, ile kubwa, sijaisikia tangu augue.

Mama kaweka trei chini. Kasema nenda.

Ameiwasha tena. Anamwambia Mapengo, binti atakuwa hakusikia vizuri, ngoja tumsikilizishe. Anakanyaga mafuta. Hadi huku jikoni inasikika: ko-ko-ko-ko.