Mama Aliosha Bakteria

Nyumbani,
Jumapili, 14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo wewe, wifi hajambo, na watoto je? Kile kikohozi kimekuachia? Huku tu wazima, ila mimi nimechoka, na uchovu wenyewe umeniletea wewe kwa posta.

Pakiti yako ya bakteria ilifika. Maelezo niliyaelewa: shamba la bondeni limeingia chumvi, na hao bakteria wakikaa kwenye mizizi wanausaidia mmea kuvumilia. Sawa. Lakini kwa nini uliandika BAKTERIA HAI kwa herufi kubwa vile? Umesahau umezaliwa na nani? Mama kafanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na moja. Sisi tumelelewa kwa sabuni.

Nilizipaka mbegu za mahindi hao bakteria kivulini kwa maji ya sukari, kama ulivyosema, nikapanda mistari miwili. Mvua ikanikatiza, nikaacha bakuli la mbegu jikoni. Asubuhi namkuta Mama kaziosha zote zilizobaki kwa klorini, kazianika juani, na meza kaisugua mara mbili.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewaokoa. Mlitaka vijidudu vikae kwenye chakula?"

Nilikaa chini nikashika kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, basi nikazipanda hivyo hivyo, safi kama vyombo vya hospitali.

Na unajua Baba alivyosema: msimu huu ndio wa mwisho, mahindi yakikataa, shamba analichukua fundi matofali achimbe udongo. Wewe una mshahara. Mimi na wanangu tunakula kwenye shamba lile, na nilikuwa silali vizuri.

Sasa ni wiki ya sita. Mahindi ya klorini yamedumaa, majani yameungua ncha, na chumvi imetanda nyeupe katikati yake. Mistari yangu miwili imenipita magoti.

Alhamisi fundi matofali alikuja na kamba ya kupimia. Baba akampeleka bondeni, nami nikafuata, nimekasirika hata machozi hayatoki. Mama akatupita sote. Akainama kwenye mistari yangu, akafukua mzizi kwa kidole, bila glavu, akautazama kwa muda mrefu.

"Kunja kamba yako," akamwambia fundi. "Hawa ni wagonjwa wangu, na sijawaruhusu."

Baba akakohoa tu, akageuka kurudi nyumbani. Fundi akakunja kamba.

Hasira zangu kwa Mama hazijaisha, wala kwako. Tuma pakiti nyingine kabla ya mvua zijazo, na safari hii juu yake usiandike kitu.

Msalimie wifi na watoto wako wote wawili, na Shangazi ukimpigia simu. Mungu awafunike huko mliko.

Ndimi akupendaye hata unapomkera,
Dada yako

Nyongeza: Mama kaisoma barua hii bila ruhusa. Anauliza hao bakteria wanakula nini, wasije wakalala njaa.