Dawa ya Sukari kwa Mtu Asiye na Sukari

Papa wangu,

Nisikuzungushe: nimeambiwa nina mafuta kwenye ini. Nilikwenda kupiga ekografi, ile picha ya tumbo, huko Nyalukemba kwa sababu ya uchovu usioisha. Daktari hakuniuliza habari za pombe, aliniuliza ninakunywa chupa ngapi za sukre, hizi soda zetu, kwa siku. Nikacheka, kisha nikakukumbuka barazani na chupa yako ya pili ya sukre, ukijisifu, "Miye niko mutu wa Mungu, sikunywake pombe."

Unakumbuka yule daktari wa kwanza? Alisema ini lako limeharibika, akauliza umekunywa bia miaka mingapi. Ulivaa viatu kwa hasira, tukaondoka. Tumbo lilipovimba, Maman akasema ni karuho, ile sumu ya polepole, tukakupeleka kwa mganga akutapishe. Wiki tatu ukitapishwa, Papa. Na kwa kuwa Maman Nsimire, jirani yetu, ndiye aliyekupakulia chakula kwenye sherehe moja ya ubatizo, kosa tulimtupia yeye. Hata kwenye matanga yako tulimfungia mlango. Mpaka leo hatumsalimii.

Sasa nimepewa dawa ya sukari, na sukari sina. Daktari amenieleza kwamba inasaidia pia ini kama langu, ila nitembee, nipunguze ugali wa fufu, niache sukre, nirudi kupimwa damu. Maman aliona boksi akashika kichwa.

"Utameza dawa ya ugonjwa yenye hauna? Ni karuho ya Papa yako, imekufikia na weye. Twende kwa muganga."

Siku nne boksi lilikaa juu ya Biblia yako. Niliogopa kidonge, kwamba kitanishusha sukari nianguke sokoni. Lakini niliogopa zaidi kukubali kwamba huenda hakuna aliyekuua. Kwamba ulikuwa mikononi mwetu, na sisi tukakutapisha. Ini lako halikupimwa tena, kwa hiyo sitajua kamwe, na hilo linanitesa.

Leo asubuhi nimekimeza, na chai kavu. Bado nimekaa nausikiliza mwili wangu.

Pumzika, Papa. Nakuahidi sitaondoka kwa daktari kwa hasira, hata akiniuliza la kuniudhi. Na nikishakunja karatasi hii navuka barabara, nabisha kwa Maman Nsimire. Sijui nitamwambia nini. Nitaanza na salamu.

Binti yako,
Neema