Taya na Tangazo la Tatu

Jumapili, 4 Mei

Kitambaa cha maji ya moto tena kabla ya ibada. Upande wa kulia, mbele ya sikio, taya linalia kila nikifungua mdomo. Daktari wa meno alisema nasaga meno usingizini. Nile laini, nisipige miayo mikubwa, mchana nisikaze meno. Kusema rahisi.

Leo ndoa ya mwanangu Naomi imetangazwa kanisani mara ya kwanza. Naomi na Elibariki. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilishindwa.

Alhamisi, 8 Mei

Elibariki kaja kusalimia. Shikamoo yake tamu, kila mtu anamsifu. Nilipotoka jikoni na chai nikamkuta kamshika Naomi mkono, anauminya. Naomi machozi yanamlengalenga. Waliponiona wakacheka wote wawili.

Jioni mtori, supu laini ya ndizi. Nao nimeumeza kwa shida.

Jumapili, 11 Mei

Tangazo la pili. Mchungaji akasema mwenye pingamizi alilete mapema. Watu wakageuka kunitabasamia.

Nje nikamvuta shemeji, ndiye msimamizi wetu tangu mume wangu afariki. Nikamwambia nilichokiona.

"Shemeji, mahari imeshaliwa. Unataka tuchekwe Elerai nzima?"

Nikamwacha hapo, nikaenda zangu nyumbani. Namchukia. Najichukia zaidi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua na baridi. Naomi anafua, mikono ya sweta imelowa chapachapa, hataki kuikunja. Nikaikunja mimi. Alama za vidole, nyeusi.

"Nilijigonga, mama."

Kujigonga gani huko! Taya limekaza, kijiko hakipiti. Nimejikanda, nimemeza dawa, nimelegeza mabega kama nilivyoelekezwa. Wapi. Naiogopa Jumapili.

Jumapili, 18 Mei

Tangazo la tatu, la mwisho. Nilisimama. Mdomo ulifunguka kidogo tu, maneno yakapenya kwenye meno: "Mimi mama yake nina pingamizi. Anampiga."

Shemeji kainamisha kichwa. Elibariki alinitazama bila kupepesa, mpaka nikaketi. Naomi alitoka mbio, analia.

Jumatatu, 19 Mei

Taya bado. Naomi hajanisemesha tangu jana, ila amelala nyumbani.

Gari la Elibariki limeegeshwa mbele ya geti tangu asubuhi. Hajashuka, hajapiga honi. Nimetia kufuli.

Nimekoroga uji mwepesi wa watu wawili, nikampelekea Naomi chumbani. Kapokea kikombe bila kuniangalia.