Wimbo wa Matoleo Uliotoka Banda la Gemu

Mama mshauri, shikamoo. Naomba uniokoe kabla Jumamosi ijayo haijafika, na ukitaka kucheka, cheka kwanza, nitasubiri.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kitangari, nina miaka hamsini na mbili, mikorosho na kipara, na siku moja nilipeleka simu kuchajiwa kwenye banda la gemu la Happiness, ambaye ni sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu, nikakuta vijana wanacheza lile gemu linalokusanya mashujaa wa magemu mengine wazichape pamoja, gemu ambalo linatolewa toleo baada ya toleo tangu nina nywele, na kila shujaa anaingia na muziki wa kwao, nikasema nisubiri simu ijae, mama, simu ilijaa saa nne asubuhi na mimi nikaondoka saa kumi jioni. Pedi ya kuchezea nilishika pia. Nilipigwa na kila mtu.

Lakini ule muziki wa pale unapochagua mpiganaji ulinifuata mpaka shambani, napulizia mikorosho dawa huku nauimba ndani ya barakoa, mwisho nikauandika kwa do-re-mi, nikaupunguza mwendo, nikamwambia Kurwa, mpigaji wetu, aweke ngoma, nikatia maneno ya kumtolea Mungu mazao, ukawa wimbo wa matoleo. Watu walitoka na mihogo, na kuku, na debe zima la mbaazi! Mwenyekiti wetu, mzee Cecil, akanikumbatia: "Mwalimu, Roho amekushukia!" Nikajibu, "Tumshukuru Mungu," jibu ambalo uongo si uongo, na ukweli si ukweli.

Sasa mzee Cecil ameupeleka kwenye shindano la kwaya la Jumamosi hiyo Masasi, ambako wimbo lazima uwe umetungwa na kwaya yenyewe, na kwenye fomu ameandika jina langu kwa herufi kubwa, na sare zimeshashonwa. Jumapili nikawaona vijana wa benchi la nyuma wanaimba huku vidole gumba vinabonyeza hewa. Nikamuuliza Happiness kama amemwambia mtu. "Mimi sijasema, mwalimu," akanijibu. "Vidole ndivyo vinasema."

Nikikiri, nitaaibika mbele ya wanakwaya arobaini. Nikinyamaza, majaji wa Masasi nao wana watoto. Nifanyeje?

Mwalimu B., Kitangari

*

Marahaba, mwalimu. Nimecheka, nimemaliza. Sasa kaa vizuri.

Kuupenda muziki wa gemu si kosa, masikio yako mazima. Hata kuutilia ngoma sikulaumu sana, maana gemu hilo lenyewe linaazima nyimbo za magemu mengine na kuzipanga upya. Ila likiazima linataja watunzi, orodha ndefu mpaka mchezaji anachoka kusoma. Wewe umemtaja nani? Na usijifiche nyuma ya kalamu ya mzee Cecil. Alikupa nafasi ya kusema ukweli, ukamsukumia Mungu kesi.

Unaogopa aibu yako. Hebu waone kina mama wako wamesimama Masasi na sare mpya, halafu jaji anainua mkono katikati ya ubeti wa pili. Wataitwa wezi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika pedi.

Basi leo hii nenda kwa mzee Cecil, peke yako. Usianze na habari za mashujaa, utampoteza, anza na "Mzee, ule wimbo si wangu." Kesho simama mazoezini uwaambie wote, na wakicheka, waache wacheke, umewapa sababu. Wimbo utoke kwenye fomu, na asiurekodi mtu bila ruhusa ya wenyewe. Kama utaendelea kuimbwa kanisani, hilo aamue padri akiwa anajua ulikotoka.

Na usiniambie huna kingine. Mwalimu wa kwaya wa umri wako ana daftari lenye wimbo wake mwenyewe ambao aliuonea haya kwa kuwa hauna mbwembwe. Ufundishe huo, siku zinatosha. Mkishika mkia, shikeni. Mtaimba njia nzima mkirudi nyumbani, mkipandisha milima ya Newala, na mtu akiuliza nani katunga, utaitika.