Klarineti Iliyozamishwa Kibara

Nyasho, Musoma
16 Juni 2025

Kaka Pastory,

Klarineti yangu imekufa. Imekufa juzi Jumamosi, saa nne asubuhi, mkononi mwangu, ukumbini Mwanza, mbele ya okestra nzima. Shikamoo hata hivyo. Wifi hajambo? Goti lake limepoa? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nilikutumia ikiwa na ufa wa sentimita tatu kwenye mpingo wake, kwa sababu una gundi, una klempu za kubania na mkono wako hautetemeki. Binti yako Recho aliporudi nayo, ufa sikuuona kabisa. Nilikusifu mpaka kwa wanafunzi wangu wa Butiama. Siku ya nne, katikati ya mazoezi, ikalia kama kuni motoni. Sasa ufa una sentimita kumi na moja, umepita matundu matatu. Pedi za kuzibia matundu zimevimba, springi zina kutu. Kutu imetoka wapi, kaka?

Tamasha la Julai wamempa mwingine. Miaka kumi na tisa napuliza kwenye harusi na misiba ya watu ili siku moja nisimame mbele peke yangu, okestra ikiwa nyuma yangu. Ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Simu zangu hupokei tangu Januari. Basi andika.

Mdogo wako,
Tabitha


Kibara
22 Juni 2025

Mdogo wangu Tabitha,

Marahaba. Huku hatujambo, ila goti la wifi yako bado, na dagaa wamepotea. Pole kwa hiyo filimbi.

Nilifanya kama tunavyofanyaga siku zote. Mtumbwi ukikaa sana juani mbao zinaachana. Unauzamisha siku mbili, mbao zinavimba, zinabanana zenyewe. Filimbi yako nikaifunga kwenye gunia pamoja na jiwe, nikaiweka ziwani penye maji ya kiunoni. Ilipotoka ufa ulikuwa hakuna, wewe mwenyewe umesema. Hiyo mpingo yako nayo ilikuwaga mti kabla haijaenda kwa Wazungu.

Hakuna aliyeniambia isiguse maji. Ungesema.

Na habari ya simu unaijua. Januari tulimzika baba, wewe uko Nairobi unapuliza. Watu wananiuliza, "Tabitha yuko wapi?" Nasema yuko njiani. Matanga yote nasema yuko njiani, mpaka wakaacha kuuliza.

Kaka yako,
Pastory


Nyasho, Musoma
27 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yako Recho ameileta, nikamkalisha nikamuuliza. Binti yako hajui kudanganya, alianza kulia kabla sijamaliza swali. Anasema alikwambia mara mbili, fundi mwenzako Nathan akiwa palepale anaranda ubao: "Shangazi amesema uzi na gundi, maji yasiguse." Ukamjibu, "Mwambie shangazi yako nilianza kuziba mitumbwi yeye hajajua kufuta kamasi." Nathan akacheka.

Kama ni hivyo tu, hicho ni kiburi cha fundi. Nakijua, hata mimi ninacho, na nitakusamehe. Lakini Recho anasema ulipokuwa unafunga lile gunia ulisema neno jingine: "Tuone sasa atapuliza nini." Hilo linaninyima usingizi.

Wanafunzi sita nawafundisha kwa mdomo. Sauti ambayo ningewapulizia, naiimba, nao wananiangalia wakinionea huruma. Ya baba uniambie usoni, nitayasikiliza yote. Lakini hayalipwi kwa kunivunjia kazi.

Alhamisi ijayo, tarehe 3, kaburi la baba linajengewa huko, na mimi natakiwa kusimama pembeni yako mbele ya ukoo mzima. Basi la Bunda linatoka hapa Jumatano saa saba mchana. Kabla sijakata tiketi nataka nisikie sauti yako kwenye simu, si ya wifi, si ya Recho. Sitaki pole, wala habari za dagaa. Uliizamisha ili ule ufa uzibike, au uliizamisha ili nisipulize tena? Nijibu moja kati ya hayo mawili, Jumatano, kabla ya saa sita mchana.

Mdogo wako,
Tabitha