Kichwa kwa Tata, Miguu kwa Mama

Mutshatsha, 14 Juni 1993

Mama yangu mupenzi,

Kabla sijakusalimia, nina kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Siku ile ya kugawa bitu, mi ndiye niliyeharibu karatasi.

Sasa nakusalimia. Hujambo? Dodo anakohoa bado? Mi niko muzima. Tante Henriette ananipa chakula na pa kulala, na tata anatuma salamu kutoka Kolwezi. Barua hii inakuja kwa mkono wa tata Tharcisse wa treni.

Unakumbuka tulivyokaa sebuleni kule Dilala: tata na dada yake Henriette upande mmoja, wewe na mjomba Tshibangu upande wa pili. Barabarani vijana waliimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kazini walikuwa wamemwambia tata kwamba akibaki na mke wa Kasai, ataondoka naye. Tante akanipa kalamu. "Andika wewe, si ni wewe unayesoma vitabu mpaka chooni?" Nikaandika. Kitanda, tata. Sufuria, nusu kwa nusu. Batoto: Bilonda, tata; Dodo, mama, kwa kuwa bado ananyonya. Jina langu niliandika mwenyewe, kati ya radio na viti.

Ilipofika zamu ya mashini ya kushona, mjomba alisema ni yako, ulikuja nayo ulipoolewa. Tata hakubisha. Lakini mi niliandika: kichwa, tata; miguu, mama. Niliwaza kwamba miguu ya chuma ni mizito, hutaweza kwenda nayo mbali, na tata atabaki na kichwa kisichoshona. Niliwaza mtatafutana. Vijana walipoanza kugonga lango, tata alisaini bila kusoma, mjomba pia. Tante peke yake alisoma, akacheka: "Basi Tshiela atashona kwa miguu."

Kichwa tante alikuja nacho hapa, kumtunzia tata. Kiko juu ya kabati, chini ya kitambaa. Hajui kushona. Nikiinua macho kutoka kwenye kitabu, nakiona.

Nisamehe.

Mutoto wako,
Bilonda

Kolwezi, 3 Julai 1993

Mutoto wangu Bilonda,

Jambo sana. Mi niko, Dodo naye yuko, lakini kifua chake bado. Tuko familia tisa ndani ya darasa moja, karibu na gare, tunangoja treni ya Kasai. Bantu banangoja tangu mwezi wa tatu.

Nilikuona ukiandika. Nilikuwa nimeketi karibu nawe, na mi najua kusoma. Ningesema neno moja, mjomba wako angekusahihisha. Nikanyamaza. Nilisema moyoni: Stany, tata yako, ataona kichwa kimekaa bure, atakuja kutafuta miguu, na akija kutafuta miguu atanikuta. Ndiyo sababu tulisukuma zile chuma kwa mukokoteni mpaka hapa, na bantu banatucheka njiani. Usibebe kosa hili peke yako, tulikuwa wawili.

Sasa wiki ya saba, na hajafika. Dodo analala juu ya ubao wa mashini, kwa kuwa chini ni baridi. Hapa kila mtu ana nguo ya kushona, wangenipa unga na dawa. Mi nakaa, nakanyaga pedali bure ili Dodo asikie sauti na alale.

Ukiona njia, nitumie kichwa. Usipoiona, endelea kusoma.

Mama yako,
Tshiela

Mutshatsha, 18 Julai 1993

Mama mupenzi,

Salamu nyingi, na busu kwa Dodo. Hapa hakuna ugonjwa.

Nilimwomba tante. Akasema karatasi ni karatasi, na aliyeiandika ni mi. Nilimwomba tata Tharcisse. Barua anaificha ndani ya kofia, lakini kichwa cha mashini hakina kofia, na vijana wanapekua watu wa treni. Ana batoto sita.

Jumapili tata alikuja. Nilimweleza yote, hata kwamba uko darasani na Dodo anakohoa. Alikitazama kile kitambaa muda mrefu. Halafu akasema, "Kanisani niliapa, sebuleni nikasaini. Sasa unafikiri mi bado ni mtu wa kuamua?" Alikula, akapanda treni ya kurudi. Kichwa hakukichukua.

Kupekuliwa, mama, naogopa sana. Nipe siku kidogo.

Bilonda wako

Kolwezi, 30 Agosti 1993

Bilonda wangu,

Jambo. Msalimie tata yako. Msalimie hata Henriette.

Leo wamesoma jina langu. Treni inaondoka kesho. Wanakubali valise moja tu, sanduku la mkononi, kwa hiyo miguu namwachia mama Mado, tunayelala naye ukuta mmoja. Usihangaike tena na kichwa. Soma vizuri, na usimsumbue tata yako.

Mama yako

Kolwezi, 12 Septemba 1993

Mama,

Sijui umefika wapi, nakusalimia popote ulipo.

Barua yako ilikaa siku kumi na mbili kwenye kofia ya tata Tharcisse, treni ilikuwa imeharibika. Niliisoma mara nne. Umemsalimia kila mtu, lakini Dodo hukumtaja.

Asubuhi iliyofuata, tante alipokwenda sokoni, nilishusha kichwa, nikakitia ndani ya mufuko wa makala ya kuwashia moto, nikapanda treni. Vijana waliniuliza jina. Nikasema Mukalay, jina la ukoo wa tata. Hawakugusa mufuko. Ningeweza kufanya hivyo Julai.

Nilimkuta mama Mado darasani. Akanitambua kabla sijasema, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya shule, penye udongo mpya karibu na ukuta. Alisema ilikuwa tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane, kwamba ulimfunga ndani ya kitenge chako cha bluu, na kwamba uliwakataza wote wasiniandikie.

Tulirudi ndani. Niliweka kichwa juu ya miguu, nikakaza vis, zile skurubu mbili, kwa kisu, nikarudisha mukanda wa ngozi. Kila kitu kiliingia mahali pake. Mama Mado alitia kipande cha gauni, akakanyaga, ikashona. Lakini jina lake nalo litasomwa siku moja, na yeye pia ataruhusiwa valise moja. Barua hii atakuja kuichukua kwangu hapa gare, aibebe badala ya chuma.

Kisha nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika: mashini ya kushona, kichwa na miguu, Tshiela. Niliubandika kwa ugali chini ya ubao. Nikakung'uta makala kwenye gauni langu, nikaenda gare, nikakaa chini kungoja treni ya Mutshatsha.

Mutoto wako,
Bilonda